Kabla ya Saa Mbili

Sheria ni moja: kabla ya saa mbili asubuhi
kila mtu aandike nipo.
Si lazima habari, si lazima maua yanayometameta
wala dua ndefu aliyotumiwa na shemeji wa Kitengela.
Nipo. Herufi nne, kidole kimoja.
Miwani ikipotea, hata nukta yatosha.

Shitandi wa Kaloleni huwa wa kwanza, saa kumi na moja,
maana kibofu chake hakijui Jumapili.
Rukia wa Majengo hufuata akishaswali,
kwa sauti, kwa kuwa macho yamemkataa:
"Nipo jamani, na goti nalo lipo."
Gichohi hupiga picha ya chai yake.
Kila siku chai ileile, kikombe kilekile chenye ufa,
nasi humpongeza kana kwamba kapata mjukuu.

Mimi ndiye mwenye daftari.
Miaka ishirini na sita nilikuwa opareta wa simu mjini,
nyaya mikononi, Nairobi nzima ikipita vidoleni mwangu:
subiri, nakuunganisha; subiri, nakuunganisha.
Nilijua nani anadaiwa, nani anaposa,
nani kafiwa Kisumu kabla hajajua mwenyewe.
Kisha wakaleta mashine isiyokohoa,
wakanipa saa ya ukutani na mkono wa kwaheri.
Sasa niko Jericho, mlango wa pili kutoka bombani,
simu nimeiegemeza kopo la majani chai,
naweka alama.

Mwanangu alipiga kutoka Doha:
Mama, huko mtandaoni utaibiwa.
Nikamwambia, nimekwisha kuibiwa, tena mchana.
Tangu uondoke hunisemesha redio tu.

Brayo wa kibanda cha M-Pesa ndiye aliyetufundisha,
kwa malipo ya maandazi na subira yake mwenyewe.
Gichohi akamwaga orodha ya dawa zake mbele ya wote
akidhani anamwandikia daktari.
Tulicheka, kisha tukanyamaza:
watatu wetu tunameza kidonge hichohicho,
na Rukia peke yake anajua kinakouzwa nusu bei.

Jumanne ile Philgona hakuandika.
Saa mbili. Saa mbili na robo.
Nikamtumia: Adoyo, umeamka?
Alama moja, ya kijivu, ikakaa hapo kama jiwe kwenye mchele.
Nikapiga. Akapokea yule mwanamke aliyechukua kazi yangu,
sauti laini, haijui mtu:
mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.
Hapatikani! Enzi zetu ungetafuta,
ungepigia jirani, padri, duka la kona.

Basi nikatafuta.
Nani yuko karibu na Mbotela?
Shitandi akatoka na bakora yake kwenye tope,
mjukuu wa Rukia akawasha bodaboda,
na mimi, miguu yangu ya mapambo, nikabaki na daftari
nikiandika saa, kwa sababu mkono ulitaka kazi.

Walimkuta sakafuni bafuni, nyonga imeteguka,
simu sebuleni, stima imepotea tangu usiku.
Akawaambia, meno yakigongana:
"Mmechelewa. Tulisema saa mbili."

Mia mbili, mia, hamsini, tukachanga.
Mtu mmoja akatuma ishirini na kuomba radhi mara tatu.

Sitadanganya. Daftarini yamo majina yasiyo na alama.
Wekhomo, kwa mfano, mwanawe alipofunga laini
simu iliandika tu: ameondoka kwenye kundi.
Kama mtu aliyechukua kofia yake na kutoka.
Mstari wake bado nauchora kila mwezi, kwa rula.

Leo Philgona katuma picha ya dari ya wodi.
"Nipo. Hii rangi nani aliichagua?"
Nikahesabu: kumi na mmoja, wote.
Nikafunga daftari, nikaweka maji jikoni.

Simu ikalia. Rukia, kwa sauti ya mtu anayegonga mlango:
"Opareta. Saa mbili inakaribia.
Na wewe je?"